Mashine Haikuwa na Mahali pa Mtu Aliyechoka

Kirumba, Mwanza

Mwanangu Magesa,

Nimekufunikia ugali na sato mezani, na najua hutakula, maana wiki nzima hii umekuwa mtu wa "shikamoo mama" asubuhi na kufunga mlango jioni. Hasira hiyo umeirithi kwangu, siwezi kumsingizia baba yako. Yeye akikasirika alikuwa anapiga mluzi na kwenda kutafuta kitu cha kutengeneza. Sisi wawili tunanuna.

Sitakuandikia habari za Dar es Salaam. Joto la huko utalijua mwenyewe, vibaka wa stesheni mjomba wako amekwisha kukusimulia mpaka amewamaliza, na lile sweta ulilolikataa nimeliweka chini kabisa ya sanduku, ambako hutaliona mpaka treni iwe imepita Tabora. Hayo yatosha. Nataka kukuandikia habari ya zile disketi mbili.

Uliniomba Jumapili tulipotoka kanisani. Ulisema unataka ile programu ya mazoezi ya baba, uitengenezee kurasa za intaneti, ili mtu yeyote mwenye presha, awe Bukoba au awe Ulaya, aitumie. Ulikuwa umekwisha kuchora kurasa zenyewe kwa penseli, na rangi ulikuwa umekwisha kuchagua. Ukasema, "Mama, jina la baba nitaliweka chini, kwenye kila ukurasa." Nikakujibu hapana. Ukauliza kwa nini. Nikasema, "Hujui unachoomba." Ndipo ukaniambia kwamba hata matembezi ya baba nayataka yawe ya kwangu peke yangu, ukachukua baiskeli ukaenda zako mjini.

Ulikuwa na haki ya kukasirika. Mtu mzima anayekataa bila kutoa sababu anataka kuogopwa tu. Sababu ninayo, Magesa, nimekaa nayo tangu msiba, na kila nikitaka kuisema mdomo unakuwa mzito. Basi acha mkono ujaribu, maana kesho jioni unaondoka, na sitaki uondoke ukidhani mama yako alikunyima kitu kwa uchoyo.

Lazima nianzie mbali kidogo. Wewe ulipozaliwa nilikuwa kwenye chumba cha kompyuta cha chama cha ushirika cha pamba. Unakumbuka zile kadi za matundu nilizokuwa nakuletea nyumbani, za kutupa? Ulikuwa unajengea nyumba, ukimaliza unazipuliza zianguke, unacheka mwenyewe. Niliingia pale kama mtoboa kadi, msichana wa Majita aliyemaliza kidato cha nne, nikatoka nikiwa naandika programu mwenyewe. Hakuna aliyenisomesha. Nilikuwa nakaa nyuma ya mabwana waliotumwa kusoma nje, naangalia mikono yao, na wakienda kula mchana mimi najaribu.

Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa kuandika programu ya uzito wa pamba. Kila gulio lilileta namba zake za kila siku, na shida yetu ilikuwa siku ambazo karani wa gulio hakuandika kitu. Wakati mwingine ni kweli hapakuwa na pamba. Wakati mwingine pamba ilikuwepo ila imepitia mlango wa nyuma. Bwana mkubwa wetu akaniambia, "Mama Magesa, mimi sitaki kuona nafasi tupu. Nafasi tupu ni mwizi." Nikaandika hivyo hivyo. Programu ikikuta siku tupu inagoma. Inapiga kengele, inaandika UMERUDI NYUMA, halafu inauliza SABABU, na karani anachagua: mvua, gari bovu, mzani mbovu, magunia yamekwisha. Asipochagua, hapiti. Na akikosa tena kesho yake, kengele inalia mara mbili.

Ilifanya kazi vizuri sana. Makarani walinichukia kweli kweli, na mimi nikajiona mtu. Kile kipande cha programu, kile cha kugomea nafasi tupu, nilikipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kukitengeneza kwa mikono yangu. Nakuambia haya ili ujue kwamba jambo lenyewe lilianzia kwenye kitu kizuri nilichokifanya vizuri.

Halafu zikaja nyakati za ruksa. Wafanyabiashara wakaingia na malori yao kununua pamba mpaka mlangoni kwa mkulima, ushirika ukabaki na mizani na madeni, na chumba chetu kikafungwa kufuli. Walipouza vitu vya ofisi, watu waligombea viti na mapazia. Mimi nilichukua kompyuta moja kuukuu ambayo hakuna aliyeitaka. Baba yako aliileta na mkokoteni, ameifunika blanketi, na majirani walipoiona wakadhani ni televisheni. Jioni ile walikuja na watoto wao na viti vyao wakakaa sebuleni. Baba yako hakuwa na moyo wa kuwaambia. Aliiwasha, wakaangalia herufi za kijani kwa muda mrefu, kisha mzee mmoja akasema, "Picha yenyewe itaanza saa ngapi?"

Mwaka ule ule kiwanda cha nguo nacho kikawapunguza mafundi, baba yako akiwemo. Wewe ulikuwa unaanza sekondari. Alichukua meza akaiweka barazani akawa anatengeneza cherehani za watu, na kazi ilikuwepo, lakini ni kazi ya kukaa. Mtu aliyezoea kuzunguka kati ya mitambo usiku kucha, sasa anakaa. Akanenepa. Tukafurahi, tukasema Masatu anapendeza, mke wake anamtunza. Kumbe ni presha na sukari, vimeingia pamoja kama wageni wa harusi. Daktari akamwambia atembee kila siku asubuhi.

Na wewe ulimjua baba yako. "Mtu mzima na akili zake," alisema, "atembee haendi mahali?" Hakuwa anaona uvivu, aliona aibu. Hapa kwetu mtu akikuona njiani asubuhi lazima akuulize unakwenda wapi, na ukimjibu kwamba huendi popote anakuonea huruma, anakwenda kuwaambia wenzake kwamba tangu apunguzwe kazi kichwa hakijatulia. Siku ya kwanza alibeba kikapu ili aonekane anakwenda sokoni. Siku ya pili watu watatu wakamtuma vitu.

Hapo ndipo nilipopata wazo. Nikasema huyu mtu nitampa mahali pa kwenda. Nikakaa kwenye ile kompyuta nikaandika programu ya matembezi. Kilomita hakuzitaka, nikaweka mahali anapopajua: moja, mpaka kwa fundi baiskeli; mbili, mpaka kwa mama wa mihogo; tatu, mpaka kanisani Kitangiri; nne, mpaka kwenye mawe ya Bwiru. Akirudi anabonyeza namba yake, na mashine inamchorea mstari wa nyota, siku juu ya siku. Akifika mbali nyota zinaongezeka.

Aliipenda, Magesa. Alikuwa anabonyeza kwa kidole kimoja kama anaua chawa, halafu anarudi nyuma hatua mbili aziangalie nyota zake. Watu wakimuuliza njiani, "Baba Magesa, wapi asubuhi hii?" anawajibu kwa sauti, "Natumwa na kompyuta!" Na hilo likawa jibu la heshima. Akapungua mwili. Daktari akafurahi. Ulipokuja likizo ulimkuta hivyo, ndiyo maana unaikumbuka programu ile kwa wema, na wema ule ulikuwa wa kweli.

Lakini nilipokuwa naiandika nilikuwa na haraka, na nilikuwa na kile kipande changu cha pamba nilichokipenda. Nikakitoa kwenye disketi ya zamani nikakipachika humo kama kilivyo. Sikubadilisha hata neno. Siku baba yako asipotembea, kesho yake mashine inapiga kengele, inamwandikia UMERUDI NYUMA, inamuuliza SABABU: mvua, gari bovu, mzani mbovu, magunia yamekwisha. Mara ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini. Akachagua mzani mbovu. Ikawa mchezo wetu. Nilisema nitaibadilisha, kisha nikaona mbona inachekesha, iache.

Sasa nikuambie nilikuwa wapi mimi wakati yeye anatembea.

Nilikuwa nimepata kazi kiwanda cha minofu ya sangara, kuingiza uzito kwenye kompyuta, kazi ya kukaa kwenye baridi kama samaki wenyewe. Pale akaja kijana mmoja mtafiti wa ziwa. Alikuwa anafuatilia magugu maji, yale yaliyokuwa yamefunga mialo yetu mpaka mitumbwi inakwama. Watu wa mialoni walikuwa wanamletea taarifa kwa vikaratasi na vingine vinafika vimelowa. Akaniuliza kama naweza kumtengenezea programu. Nikasema naweza. Halafu intaneti ikafika mjini, akanionyesha kurasa za watu wa nje, na akauliza kama hata hiyo naweza. Nilikuwa sijui. Nikasema naweza.

Hakunilipa mtu, na sikudai; mtafiti aliniazima tu kompyuta yake yenye skrini ya rangi. Nilikuwa naifanya kabla ya kazi na baada ya kazi, pale mezani pembeni ya jiko la mafuta ya taa. Ramani ya ziwa, na kila mwalo una kitone chake, na kitone kinabadilika rangi kadiri magugu yanavyozidi. Siku tulipoifungua kule mjini nikaambiwa mtu yuko Uingereza naye anaiangalia saa ile ile, Magesa, nilivimba kichwa. Mtoboa kadi wa Majita! Nilirudi nyumbani sioni njia. Unaijua raha hiyo, nimeiona usoni mwako ukitoka mjini na karatasi zako. Siisemi vibaya. Mpaka leo sijapata raha nyingine iliyoifikia.

Ila baba yako alikuwa akirudi na habari. Ametoka kwa Masalu, yule fundi baiskeli, anajua nani kaibiwa baiskeli na ni nani kaiba. Amepita kwa mama wa mihogo, binti yake amechumbiwa na baharia. Amekaa kwenye mawe ya Bwiru ameona ziwa lote lina ukungu, akasema, "Mama Magesa, leo ungeliona." Anasimama mlangoni anasimulia, na mimi niko mezani, macho kwenye skrini. Namsubiri anyamaze. Akinyamaza nasema, "Umefika wapi leo? Haya, weka." Mwenzangu alinirudia na habari, mimi nikataka namba.

Na alikuwa ananialika. "Twende wote leo." Namjibu, "Ngoja nimalizie hii." Nilisema ngoja nimalizie mpaka akawa ananitania nayo. Anaamka, anavaa viatu vyake vya mpira, anasema, "Mke wangu, twende, au nikungojee umalizie?" na anakwenda zake anacheka. Siku nyingi hizo, mwanangu, na sikutoka naye hata mara moja. Hata mpaka kwa Masalu ambako kutoka hapa unakuona kwa macho.

Asubuhi ile ilikuwa Jumamosi. Wewe ulikuwa shule, unajiandaa na mtihani wa mwisho. Wageni wa mtafiti walikuwa wanakuja Jumatatu kuangalia ile ramani, na kulikuwa na mwalo mmoja, Busisi, kitone chake kinakataa kubadilika. Nilikuwa nimeamka nacho. Baba yako siku iliyotangulia hakutembea. Akaja kwenye ile kompyuta kuukuu, kengele ikalia. Akasema, "Leo mwili mzito, Rebeka." Aliniita jina, na yeye alikuwa ananiita jina langu kwa nadra sana. Nikasema, "Weka sababu." Akachagua gari bovu. Nikacheka. Na yeye akacheka kidogo, halafu akasema, "Lakini mashine yako haina mahali pa mtu aliyechoka."

Nikamjibu, "Nitapaongeza. Ngoja nimalizie hii ya magugu." Kisha, na haya ndiyo maneno niliyoshindwa kukutamkia Jumapili, nikamwambia, "Nenda hata kanisani tu, usiharibu mstari."

Sikugeuka. Nilisikia viatu vyake barazani, nikasikia anamwamkua jirani. Nilikuwa na furaha kwa sababu kitone cha Busisi kilikuwa kimebadilika rangi.

Waliokuja kuniita ni vijana wa mwaloni. Alikuwa ameanguka karibu na kanisa, hakufika hospitali.

Ulipofika msibani uliuliza ilikuwaje, na nikakujibu mbele ya watu kwamba alianguka matembezini. Ni kweli. Lakini kabla hujafika alikuwa amekuja fundi Masalu. Alikaa chini pale mlangoni na mikono yake ya grisi, hakutaka kiti. Akaniambia, "Mama Magesa, alikaa kwangu kwenye benchi. Nikamwona anavuta pumzi vibaya. Nikamwambia baba, pumzika, nitakurudisha kwa baiskeli. Akasema hapana, fundi, lazima nifike kanisani, nikiishia hapa mashine ya mama Magesa itanigombeza. Akacheka. Na mimi nikacheka." Yule mzee alilia kama mtoto, kwa sababu alicheka. Nikamshika bega nikamwambia siyo kosa lako, na nilikuwa najua ni la nani.

Mama wa mihogo naye akaja, na katekista wa Kitangiri, na watu ambao sikuwahi kuwaona, na kila mmoja alikuwa na stori ya asubuhi aliyosimuliwa na baba yako. Stori zile zile alizokuwa anasimama nazo mlangoni. Kwangu watu hawa walikuwa moja, mbili, tatu na nne.

Nilimuuliza daktari, usidhani sikuuliza. Akasema moyo ulikuwa umekwisha kuchoka, ingetokea tu, labda wiki ile, labda mwezi ule, hata akiwa kitandani. Akasema matembezi yalimwongezea miaka. Namwamini mchana. Bibi yako kule Majita, siku tulipomzika baba yako, aliniona sijagusa chakula, akanisogezea sahani na kusema kwa matamshi yake, "Kura kidogo, mwana. Mwiri nao utakuacha." Nilitaka kumwambia palepale kwamba mimi ndiye niliyemtuma mwanae. Nikala. Mpaka leo hajui, na nadhani nitakwenda kumwambia wewe ukishafika salama.

Wageni wa mtafiti walikuja Jumatatu bila mimi. Nasikia walipiga makofi. Baada ya mwaka mradi ukaisha, mtafiti akahamishwa, na siku moja nikaenda mjini kuifungua ile ramani nikakuta ukurasa haupo. Mashine iliyokuwa imeubeba ilizimwa tu, kama mtu anavyozima taa akitoka chumbani. Nilikaa pale kwenye duka la intaneti, kwenye kiti cha kukodi, nikajaribu kuwaza ile asubuhi ingekuwaje kama Busisi ingebaki na rangi mbaya. Ingekuwa Busisi ina rangi mbaya kwa siku moja. Basi.

Sikwambii uache kompyuta. Ningekuwa mnafiki, na hata hivyo usingeacha. Una mkono mzuri kuliko wangu, nimeziangalia kurasa zako ulipotoka, samahani, nimeziangalia zote. Pale ulipoweka rangi nyekundu kwa siku ambayo mtu hakutembea, nilizirudisha karatasi mahali pake nikaenda kukaa nje. Hukufanya vibaya. Wewe umeweka rangi, mimi niliweka kengele, ni kitu kilekile. Tunaotengeneza vitu hivi tunaichukia nafasi tupu. Tunaiona kama kosa letu, tunataka ijazwe. Lakini mtu ana siku tupu, Magesa. Ana siku ya kuumwa na siku ya kufiwa na siku ambayo hataki tu, na hizo nazo ni zake. Sijui namna ya kuiandika hiyo kwenye programu. Labda ninyi mtasomeshwa. Mimi nilichojifunza ni kwamba kipande kilichofanya kazi vizuri kwa pamba hukipachiki kwa mume wako bila kukisoma upya, na kwamba anayekuambia "mwili mzito" hajakuletea data.

Zaidi ya hapo sina mafundisho. Nina majuto, na majuto hayafundishi sana, yanakaa tu.

Disketi zote mbili nimezifunga kwenye kile kitambaa chake cha mfukoni, chenye mistari, ziko ndani ya bahasha hii. Nilikaa nazo wiki nzima hii uliyokuwa umefunga mlango, nikitaka kurekebisha kwanza. Nilifungua, nikafika pale kwenye SABABU, nikaandika mstari mmoja, nikaufuta. Nikaona nikirekebisha sasa nitakuwa nakupa programu ambayo baba yako hakuitumia. Kwa hiyo ziko kama zilivyokuwa asubuhi ile. Kengele iko humo. Magunia yamekwisha yako humo. Nyota zake zote ziko humo, na mwishoni kuna lile gari bovu. Ukitaka kuiweka kwenye intaneti, iweke. Ukitaka kuitupa ziwani, tupa. Ukiiweka, jina la baba yako liache kwenye nyota, na kwenye ile kengele weka la kwangu.

Sikuombi unijibu asubuhi. Sikuombi unisamehe kabla ya treni, safari ni siku mbili, utakuwa na muda wa kunichukia na muda wa kuacha. Nakuomba jambo moja tu.

Mjomba wako atapeleka sanduku stesheni na pikapu yake. Atataka sote tupande. Mwache atangulie. Mimi na wewe tutoke mapema, tupite kwa fundi Masalu umuage, halafu tushuke taratibu kwa miguu mpaka mjini, mpaka stesheni. Kuna vitu njiani ambavyo baba yako alikuwa ananisimulia na sijaviona, na huenda wewe alikuonyesha. Nisimulie, nitasikiliza. Nisipojibu usinyamaze, endelea tu.

Hatutahesabu chochote. Miguu yangu si ya matembezi, unajua nimekaa vitini maisha yangu yote. Nikichoka nitakuambia, na wewe ukichoka uniambie, tutakaa chini popote tutakapokuwa.

Mimi mama yako,
Rebeka